Afya Inayopita Kando ya Lami

Jiji la Dar es Salaam lina hazina ya afya ambayo haimo katika bajeti yoyote, nayo ni miguu ya wakazi wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao huianza siku kwa kutembea: kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala, kutoka kituoni hadi kazini, kutoka sokoni na mzigo kichwani. Hawatembei kwa kuwa daktari amewaagiza. Wanatembea kwa kuwa ndiyo njia iliyopo. Katika nchi tajiri, wizara za afya hutumia fedha nyingi kuwabembeleza watu waache magari nyumbani japo mara mbili kwa wiki. Sisi tumepewa bure kile ambacho wenzetu wanakitafuta, na kwa miaka mingi tumekuwa tukikifukuza barabarani. Hoja yangu ni kwamba kwa miji yetu ya Afrika Mashariki sera ya usafiri ni sera ya afya, na kazi yake ya kwanza ni kuwalinda wanaotembea tayari, ili siku watakapopata uwezo wa kuacha wasione sababu ya kuacha.

Wanaolijua jiji hili tangu miaka ya 1970 wana kumbukumbu ya kutosha kulipima jambo hili. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974, na kwa miaka kadhaa mabasi yake ndiyo yaliyolibeba jiji, yakiwemo yale marefu ya kuunganishwa ambayo watu waliyaita kumbakumba. Uchumi ulipobana, vipuri na mafuta vikaadimika, mabasi yakapungua, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Daladala zikahalalishwa. Tangu hapo hadi mwanzoni mwa karne hii safari ya mkazi wa kawaida ilikuwa na vipande vitatu: mguu, gari, mguu. Daladala zilipita barabara kubwa; mitaa ya ndani ya Tandale, Buguruni au Mbagala ilikuwa ya miguu. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu, na ndani ya miaka michache bodaboda na bajaji zikameza vile vipande viwili vya mguu. Sina sababu ya kumlaumu anayezipanda wala anayeziendesha. Kijana amepata riziki, mama anayetoka zamu ya usiku amefika kwake bila kupita uchochoro wa giza, mgonjwa amefikishwa zahanati. Lakini mabadiliko hayo yalikuja na gharama mbili ambazo hatukuziandika popote: majeruhi waliojaza wodi za mifupa, na dakika za kutembea zilizofutika kimyakimya katika maisha ya watu. Gharama ya kwanza kila mtu anaiona. Ya pili haionekani, kwa sababu presha haipigi honi.

Kwamba dakika hizo zina thamani, dunia ilijifunza kutoka ndani ya basi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza aitwaye Jerry Morris alitaka kujua kwa nini vifo vya moyo vilikuwa vinaongezeka, akawachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walitoka katika tabaka moja, waliishi mitaa ileile, mishahara yao haikupishana sana. Tofauti ilikuwa kwenye miili yao wakati wa kazi. Dereva alikaa kitini karibu zamu yote. Kondakta alizunguka akikata tiketi, akipanda na kushuka ngazi kati ya 500 na 750 kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la The Lancet, yakiwahusu wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Ugonjwa wa moyo uliwapata madereva 2.7 kati ya kila 1,000 kwa mwaka, na makondakta 1.9. Hata kondakta alipougua, ugonjwa ulimjia ukiwa si mkali sana, na vifo vya ghafla vilikuwa vichache. Anayewafahamu makondakta wetu, wale wanaosimama mlangoni kutwa nzima, wanaoshuka kila kituo kuita abiria na kulirukia gari likiwa limeshaondoka, ataelewa mara moja Morris alikuwa anaangalia nini, ingawa kondakta wa Dar anabeba pia moshi, vumbi na hatari ya kuanguka, mambo ambayo hayamo katika hesabu ile.

Pingamizi la kwanza lilitolewa mapema, na ni la haki. Huenda waliochagua udereva walikuwa wazito na wanyonge tangu mwanzo, na kazi haikuwafanya lolote. Morris na wenzake hawakulikwepa. Walikwenda kwenye kumbukumbu za sare, wakapima viuno vya suruali, na mwaka 1956 wakaandika kwamba kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta. Hapo nadharia ingeweza kuporomoka. Lakini walipowalinganisha wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene, makondakta waliendelea kuwa na vifo vichache zaidi vya moyo. Katika utafiti huohuo wa 1953 walikuwa wamewaangalia pia wafanyakazi wa posta, na wale waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na waliopokea simu. Miongo iliyofuata ilizidi kuujaza ushahidi. Utafiti wa Copenhagen uliotoka mwaka 2000 ulionyesha kuwa wasioendesha baiskeli kwenda kazini walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi cha wanaoendesha kwa asilimia 39, hata baada ya kuzingatia michezo wanayofanya wakati wa mapumziko. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2017 uliowahusisha watu 263,450 ulikuta kuwa waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 41, na waliokwenda kwa miguu walipungukiwa hatari ya maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 27. Hizi ni tafiti za kufuatilia watu, si majaribio ya maabara, na haziwezi kukata kila shaka. Hata hivyo, miji tofauti, vizazi tofauti na watafiti tofauti wanapofika mahali pamoja kwa zaidi ya nusu karne, mzigo wa kuthibitisha unamhamia anayebisha.

Kinachonigusa zaidi katika kazi ya Morris ni kwamba kondakta hakuwa anafanya mazoezi. Alikuwa anakata tiketi. Mwendo wake ulikuwa ndani ya kazi, haukuhitaji nia njema, muda wa ziada wala raba mpya. Hapa ndipo juhudi zetu nyingi za afya zinapopotea njia. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulikuta zaidi ya robo ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9.1 wana kisukari. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Ni jambo jema, na wanaojitokeza wanastahili pongezi. Lakini piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Anayetembea dakika 15 hadi kituoni asubuhi na dakika 15 kurudi jioni, siku tano za kazi, amezifikisha zote 150 bila kampeni, bila fulana, bila kuamka mapema kuliko kawaida. Jumamosi moja kwa mwezi haiwezi kurudisha kilichochukuliwa kila siku. Barabara inaweza.

Nasikia tayari sauti ya anayesema kwamba huu ni utetezi wa umaskini. Watu wetu wanatembea kwa sababu hawana nauli, atasema, na maendeleo maana yake ni kuwatoa katika adha hiyo. Mwenye gari asimhubirie anayetembea. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito wote, kwa sababu ndani yake kuna ukweli mchungu. Mama anayetembea saa moja na nusu akiwa na njaa hafanyi mazoezi, anateseka. Iko nchi iliyoonyesha tofauti hii kwa namna ya kutisha. Umoja wa Kisovieti ulipoanguka mwaka 1991, Cuba ilipoteza mafuta yake karibu kwa mara moja. Serikali iliingiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China, na watu wakarudi kwenye pedali na miguu. Katika miaka mitano uzito wa wastani ulishuka kwa kilo kadhaa, na katika miaka iliyofuata vifo vya kisukari na vya moyo vilipungua sana. Uchumi ulipopata nafuu, uzito ukarudi, na kisukari nacho kikarudi nyuma yake. Anayetaka kuishia hapo ana hadithi tamu mkononi. Lakini katika kipindi hichohicho Wacuba zaidi ya 50,000 walipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliowadhuru macho, na lishe duni ilikuwa sehemu ya chanzo. Njaa si sera ya afya. Ninachodai ni kutenganisha vitu viwili ambavyo umaskini umevifunga pamoja: kutembea kwenyewe, ambako mwili unakuhitaji, na mazingira ya kutembea, ambayo tumeyafanya kuwa adhabu. Tukiiondoa adhabu, kutembea hakubaki alama ya unyonge. Mwenye nacho wa Oysterbay anayeamka alfajiri kutembea barabara za pwani hamwonei aibu mtu, na hakuna anayemwita maskini.

Kuna pia suala la moshi. Inaonekana ni upuuzi kumwambia mtu apumue kwa nguvu kando ya lori la mchanga linalotoa wingu jeusi. Watafiti waliliuliza swali hili moja kwa moja mwaka 2016, wakalinganisha faida ya mwendo na madhara ya chembe ndogo za vumbi na moshi. Kwa hewa ya wastani wa miji ya dunia, mikrogramu 22 kwa mita ya ujazo, faida ilizidi madhara hata kwa watu wanaotembea au kuendesha baiskeli kwa muda mrefu sana. Hata hewa ikifika mikrogramu 100, hali ambayo ni mbaya kweli, ilihitajika zaidi ya saa 10 za kutembea kwa siku ndipo madhara yaizidi faida. Kwa baiskeli, saa moja na nusu. Hilo linajibu hofu ya mtu mmoja mmoja, lakini halilijibu jambo la haki. Anayetembea hajachafua hewa, na ndiye aliye karibu zaidi na ekzosi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipiga hatua zilipokubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na petroli yenye risasi ilishaondoka katika Afrika kusini mwa Sahara tangu 2006. Sasa wapo wanaoweka matumaini yote kwenye pikipiki za umeme zinazoonekana Kigali na Nairobi. Nazipokea kwa moyo mweupe kwa upande wa moshi na kelele. Ila mwili wa anayepanda bado umekaa, na kichwa cha anayegongwa hakitofautishi betri na petroli.

Hapo tumefika kwenye pingamizi zito kuliko yote, yaani kifo. Mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ina kiwango cha juu kuliko kanda zote, vifo 19 kwa kila watu 100,000, na wakati idadi ya vifo duniani ilipungua kwa asilimia 5 kuanzia 2010, ya Afrika iliongezeka kwa asilimia 17. Kumsifia mtu kutembea huku tukijua hivyo, bila kubadilisha barabara, ni kumtuma kwenye hatari kwa maneno matamu. Tazama barabara ya kawaida ya kata yoyote iliyowekwa lami karibuni. Katikati kuna njia mbili safi za magari, zimechorwa mistari. Ukingo wa lami umeinuka kiganja kizima juu ya ardhi, na masika moja yanatosha kuumegua. Kandokando ni ukanda wa mchanga usiofika mita moja, nao unagombaniwa na nguzo ya umeme, bodaboda tatu zinazosubiri abiria, meza ya mama ntilie na rundo la kokoto lililoachwa na mkandarasi. Halafu mtaro wa zege, wazi, kina chake kinafika kifuani mwa mtoto. Mwanafunzi wa darasa la pili akifika hapo na begi lake hana pa kupita isipokuwa kushuka kwenye lami, akiwa ameyapa magari mgongo. Aliyeichora barabara ile hakumsahau mtoto kwa bahati mbaya. Katika mchoro wake mtoto hakuwemo kabisa.

Kinachomuua mtoto huyo, kwa sehemu kubwa, ni mwendo kasi. Mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Mtu aliyegongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko aliyegongwa na lililo kwenye 50. Hizi ni kanuni za fizikia. Hazijali kama dereva ni mzoefu au amemwomba Mungu kabla ya kuwasha gari. Dawa yake pia inajulikana na imeshajaribiwa hapahapa. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam kazi ya kukagua njia za kwenda shule ambazo watoto wake walikuwa wanagongwa mara kwa mara, kisha kufanya marekebisho madogo: njia ya miguu, matuta, zebra, vizuizi vya kuzuia magari kupanda kwenye njia ya watoto, na pengine kulihamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda upande wa kichochoro. Ufuatiliaji ulionyesha majeruhi wakipungua kwa karibu robo, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize. Narudia, geti lilihamishwa. Hakuna daraja la mabilioni hapo. Tunapojenga daraja la juu la waenda kwa miguu, kama lile la Manzese, tunamwambia mzee mwenye magoti mabovu apande ngazi ili gari lisipunguze mwendo, na kisha tunashangaa akivuka chini. Mahali pengine daraja halikwepeki, nakubali. Lakini katika mitaa tunamoishi, anayepaswa kubeba usumbufu ni mwenye injini.

Jua, mvua na umbali ni pingamizi ambazo siwezi kuzichukulia kwa wepesi Dar es Salaam, ingawa naamini zinajibika kwa pamoja. Hakuna anayemtaka mtu atembee kutoka Chanika hadi Posta. Jiji lenye upana huu linahitaji basi zuri, na basi zuri ndilo linaloilinda ile safari ya vipande vitatu. Utafiti uliofanywa Marekani, nchi ambayo watu wake hutembea kidogo sana, uliotoka mwaka 2005, ulikuta nusu ya watumiaji wa usafiri wa umma wakitembea angalau dakika 19 kwa siku kwenda na kutoka vituoni, bila kukusudia mazoezi yoyote. Mwendokasi, yaani usafiri wa mabasi yaendayo haraka, ulipoanza mwezi Mei 2016 katika barabara ya Morogoro, kilomita zipatazo 21 pamoja na matawi yake, ulikuja na njia pana za miguu na za baiskeli sambamba na njia ya mabasi, na jiji likapata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza Afrika. Uzuri wa ule mpango ulikuwa hapo, kwenye kuunganisha basi na mguu. Mabasi yanapokuwa machache na abiria wanaposukumana kuingia kwa saa nzima, hasara haiishii kwenye kuchelewa kazini: kila abiria anayekata tamaa na kuhamia bodaboda au gari la mkopo anaondoka na dakika zake za kutembea, na anaongeza gari moja zaidi la kumtisha mtembeaji aliyebaki. Kuhusu jua, jibu ni mti. Mwarobaini na mkungu hukua vizuri katika mchanga wa Pwani, na kivuli chake kinafanya njia ileile ya mita 800 ipitike saa nane mchana. Upanuzi wa barabara umekuwa ukiikata miti hiyo kwanza, kana kwamba ni uchafu wa eneo la mradi. Na baada ya magharibi, taa. Wanawake wanajua kwamba barabara isiyo na taa si yao, hata ingekuwa na vigae.

Baiskeli kwetu imebaki na wachache wasio na namna nyingine, na ndiyo maana sura yake ni ya mzigo. Muuza madafu anaikokota baiskeli iliyofunikwa na nazi changa kiasi kwamba magurudumu hayaonekani, akipita katikati ya basi na ukuta, na hakuna kipimo chochote cha barabara kilichochukuliwa kwa kumfikiria. Wakazi wanaoipenda baiskeli wamejikusanya kwa miaka mingi katika UWABA, Umma wa Wapanda Baiskeli, wakidai njia zao. Watu husema baiskeli ni utamaduni wa Wazungu, na hawakumbuki kwamba bodaboda yenyewe ilizaliwa kama baiskeli, ikivusha abiria na magendo mpakani mwa Kenya na Uganda kule Busia. Wala Wazungu hawakuzaliwa nayo. Uholanzi ya mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Miji ilikuwa inabomolewa kupisha magari. Wazazi walitoka barabarani chini ya bango lililosema acheni kuua watoto, bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, na serikali ikalazimika kubadili mwelekeo. Miaka ya karibuni vifo havifiki 800, katika nchi yenye watu wengi kuliko wakati ule. Bogotá, jiji la nchi isiyo tajiri, hufunga barabara zake kwa magari kila Jumapili asubuhi tangu 1974, zaidi ya kilomita 100, na watu huzijaza kwa miguu na baiskeli. Kigali ilianza siku yake bila magari mwaka 2016 na kuiambatanisha na upimaji wa presha na sukari palepale barabarani, wazo ambalo naliona bora kuliko mengi yaliyotoka Ulaya, kwa sababu linamkuta mtu akiwa tayari anatembea.

Wataalamu wa fedha watauliza pesa zitatoka wapi. Swali hilo lina nguvu pale tu tunapodhani njia ya miguu ni nyongeza ya barabara. Ni sehemu ya barabara, kama mtaro na kama tabaka la kokoto, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na lami iliyo pembeni yake. Upande wa pili wa daftari kuna dawa za presha za miaka 30, kuna usafishaji wa figo, kuna kiharusi kinachomlaza baba wa miaka 50 na kumwondoa binti yake shuleni ili amuuguze. Gharama hizo zimo katika wizara nyingine, ndiyo maana wa barabara hawazioni. Wamachinga nao hawapaswi kufanywa kisingizio. Walipoondolewa kandokando ya barabara mwaka 2021 tulijifunza kwamba njia inaweza kuachwa wazi; lakini mtembeaji pia ni mteja, na kuna wachuuzi ambao uwepo wao ndio unaoifanya njia iwe salama jioni. Upana unaotosha wote wawili unapatikana mahali pengi, ndani ya hifadhi ya barabara ambayo sasa imegeuka maegesho.

Haya yote huamuliwa karibu zaidi na nyumbani kuliko tunavyodhani. Mradi wa barabara utakapotajwa kwenye mkutano wa mtaa wako, msomaji, usiishie kuuliza lami inaanza lini. Muulize diwani njia ya miguu ina upana gani. Muulize mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama mtaro utafunikwa, kama kutakuwa na matuta kabla na baada ya geti la shule, taa zitawekwa wapi, miti mingapi itakatwa na mingapi itapandwa, na mwendo wa magari umepangwa kuwa kiasi gani. Nendeni watu kumi, mwende na mwalimu mkuu na muuguzi wa zahanati, na mtake majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Waulizeni kabla greda halijafika, kwa sababu zege la mtaro likishamwagwa hakuna anayerudi kulibomoa.